Ni Nani Amenyaye Tunda?

Vitabu vya watu waliohama makwao wakaenda kuishi kisiwani ni vingi, na aghalabu hufanana kama maji ya mtungi mmoja. Mume na mke wachoka na mji mkubwa wenye mvua na moshi. Wauza vyombo vyao, wapanda meli, wafika mahali penye jua kali, bahari ya samawati na nyumba nyeupe. Huko wanunua gofu la nyumba, wachekwa na mafundi, wajifunza maneno machache ya lugha ya wenyeji, na katika ukurasa wa mwisho twawakuta wameketi chini ya mzabibu, nyuso zao zimejaa furaha. Msomaji afunga kitabu akitamani kwenda naye. Hapana ubaya katika tamaa hiyo. Walakini mhakiki ana wajibu wa kuuliza swali ambalo vitabu vya namna hii havipendi kuulizwa: furaha hiyo imegharimu kiasi gani, na ni nani aliyelipa?

Nataka kuliuliza swali hilo juu ya vitabu viwili vya mwandishi mmoja, Charmian Clift wa Australia. Cha kwanza, Mermaid Singing, kilitoka mwaka 1956. Cha pili, Peel Me a Lotus, kilitoka mwaka 1959. Nimevichagua hivi kwa sababu vyaeleza habari za mume na mke wale wale na bahari ile ile, lakini havisemi jambo lile lile. Cha kwanza ni kitabu cha kupendwa, na mtu hukipenda upesi. Cha pili ni kichungu, na mtu akisomapo hana budi kusimama hapa na pale kufikiri. Nitajaribu kuonyesha kwamba hicho kichungu ndicho kikubwa, na kwamba ukubwa wake watokana na ujasiri wa kuhesabu.

Kwanza tuwajue watu wenyewe. Charmian Clift alizaliwa mwaka 1923 katika Kiama, mji mdogo wa pwani katika jimbo la New South Wales. Mumewe, George Johnston, alizaliwa Melbourne mwaka 1912, akapata jina kwa kuandika magazetini habari za Vita Kuu ya Pili. Walioana mwaka 1947, wakaandika pamoja riwaya iitwayo High Valley, iliyotoka mwaka 1949. Mwaka 1951 walihamia London, na huko mume alikuwa na kazi nzuri ya gazeti. Mwishoni mwa mwaka 1954 kazi hiyo ikaachwa. Wakawachukua watoto wao wawili wakaenda Ugiriki, kwanza katika kisiwa cha Kalymnos, kisha mwaka 1955 katika kisiwa cha Hydra. Ugirikini wakakaa muda wa karibu miaka 10, wakiishi kwa kalamu zao tu.

Kwa nini Ugiriki? Jua na bahari ni jibu, lakini ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni fedha. Nchi ile ilikuwa imetekwa na majeshi ya Ujerumani na wenziwe katika vita, kisha ikapigana yenyewe kwa yenyewe hadi mwaka 1949. Mwaka 1953 serikali yake iliipunguza thamani ya drakma, ambayo ndiyo fedha ya nchi kwa wakati ule, kwa nusu nzima mbele ya dola ya Marekani. Mtu aliyekuja na fedha za kigeni mfukoni aliweza kununua maradufu ya vile angaliweza kununua kabla. Kwa hiyo umaskini wa wenyeji ndio uliofungua mlango wa uhuru wa wageni. Mwandishi mdogo wa habari za visiwa angalificha jambo hili nyuma ya machweo ya jua. Clift halifichi, ingawa katika kitabu cha kwanza halikazii macho kama alivyolikazia katika cha pili.

Kalymnos ni kisiwa cha mawe, na riziki ya watu wake ilikuwa ikitoka chini ya bahari. Wanaume walikuwa wazamiaji wa sifongo. Kila mwaka baada ya Pasaka merikebu ziliondoka kwenda mbali, hata pwani za Afrika ya Kaskazini, na hazikurudi mpaka majira ya baridi yanakaribia. Zamani mzamiaji alishuka uchi na jiwe zito mkononi, akakaa chini kwa pumzi moja. Katika miaka ya 1860 likaletwa vazi la kuzamia lenye kofia ya shaba na mpira wa kupitishia hewa. Vazi hilo lilileta mali, nalo likaleta msiba. Mtu aliweza kwenda chini zaidi na kukaa zaidi. Lakini akipanda juu kwa haraka, hewa iliyoyeyuka katika damu yake hugeuka mapovu, na mapovu hayo humfisha au humpoozesha viungo. Njia za Kalymnos zilijaa vijana waliotembea kwa magongo.

Mume na mke hawa walikwenda huko ili waandike riwaya juu ya wazamiaji, na wakaiandika pamoja. Hata hivyo, kwa maoni yangu, kitu kilicho hai zaidi kilichotoka katika safari ile si riwaya, bali ni Mermaid Singing, ambacho mke alikiandika kwa mkono wake mwenyewe juu ya maisha ya kila siku: nyumba ya kupanga, mama aliyesaidia kazi za nyumbani, watoto walioingia kati ya watoto wa mtaa, sikukuu za kanisa, na siku ile ya uchungu merikebu zilipong'oa nanga. Riwaya hutafuta shujaa. Kitabu hiki kimeridhika na jirani. Jina lake lina maana ya nguva aimbaye. Twajua katika hadithi za mabaharia kwamba wimbo wa nguva ni mtamu, lakini si salama kuufuata.

Sifa ya kwanza ya kitabu hiki ni jicho. Clift aliona mambo ambayo mumewe hangaliweza kuyaona, kwa kuwa yeye aliweza kukaa pande mbili. Kwa sababu alikuwa mgeni, aliruhusiwa kuketi mkahawani na wanaume, mahali ambapo mwanamke wa kisiwa hakuketi. Kwa sababu alikuwa mke na mama, aliruhusiwa kuingia majikoni. Wanaume walimweleza bahari. Wanawake walimweleza jinsi ya kuishi miezi mingi bila mume, bila barua, na bila kujua kama atarudi mzima. Kutokana na hayo twajifunza kwamba Kalymnos ilikuwa na nguzo mbili, na nguzo iliyobaki nchi kavu haikuwa nyembamba kuliko ile iliyokwenda baharini. Desturi za mahali zathibitisha jambo hilo: nyumba hutoka kwa mama kwenda kwa binti, na mwanamume aoapo huingia katika nyumba ya mkewe. Msomaji wa pwani yetu hatashangaa sana. Katika mji wa kale wa Lamu, baba mwenye uwezo alimjengea binti yake nyumba kwa ajili ya ndoa. Bahari zimetengana, lakini watu ambao wanaume wao huenda baharini wamejua mahali pa kuweka nguzo.

Sifa ya pili ni uadilifu wa kuona kichekesho cha mambo, hata kinapomgusa mwandishi mwenyewe. Wakati familia hii ilipoikimbia dunia kubwa ije Kalymnos, watu wa Kalymnos walikuwa wakitafuta njia ya kutoka. Biashara ya sifongo ilikuwa ikidhoofika, maana viwanda vilikuwa vimeanza kutengeneza sifongo za bandia. Wengi walitamani kwenda Australia, na katika miaka ile watu wengi wa kisiwa hicho walikwenda kweli. Hebu fikiri: mtu ametoka Australia akapita London akaja kutafuta maisha mema juu ya mwamba, na jirani yake juu ya mwamba ule ule ataka kujua jinsi ya kufika Australia. Wawili hawa wakutana mkahawani, na kila mmoja amwona mwenzake kuwa ana kichaa kidogo.

Lakini kitabu hiki kina kasoro, nayo ni kasoro ya mgeni mwenye furaha. Mithali yetu yasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mermaid Singing ni kitabu cha siku mbili za kwanza. Mwandishi amekaa Kalymnos chini ya mwaka mmoja; nyumba si yake; kila ashikapo jambo gumu, ajua moyoni kwamba aweza kuondoka. Huruma yake ni ya kweli, lakini mara nyingine hugeuka kuwa tabasamu, na umaskini wa jirani hupata rangi nzuri kama picha ya ukutani. Yule mzamiaji mwenye gongo apita katika ukurasa, nasi twamhurumia, kisha aja mtu mwingine wa kuchekesha, nasi twamsahau. Mwandishi hajapewa jembe.

Jembe alipewa Hydra. Kitabu cha Peel Me a Lotus chaanza mwezi wa Februari, kikaenda mwezi hata mwezi mpaka Oktoba, katika mwaka 1956. Chaanza na kununuliwa kwa nyumba karibu na kisima. Kununua nyumba ni neno kubwa. Aliyepanga aweza kurudi. Aliyenunua ametia nanga. Fedha zao zote zimo katika nyumba hiyo, na mke ana mimba ya mtoto wa tatu, aliyezaliwa kisiwani mwezi wa Aprili. Tangu hapo kila jambo lina uzito ambao halikuwa nao katika kitabu cha kwanza. Hundi ya mchapishaji yangojewa kwa kila meli itiayo nanga. Deni la dukani laongezeka. Mafundi waja na hawaji.

Hydra ni mji uliopanda mlima kutoka bandarini, wenye majumba makubwa ya mawe yaliyojengwa na manahodha waliotajirika kabla ya vita vya uhuru vya Wagiriki vilivyoanza mwaka 1821. Hakuna magari, mizigo yapanda ngazi juu ya migongo ya punda. Msomaji aliyefika Lamu ataisikia milio ya kwato hizo bila kuelezwa. Mgeni wa siku moja huyaona haya yote kuwa ni uzuri mtupu. Mama wa nyumba huyaona kuwa ni uzuri na pia ni kazi: kila ndoo ya maji ina mkono uliyoibeba, kila nguo safi ina mgongo ulioinama. Waswahili husema: usione vyaelea, vimeundwa. Peel Me a Lotus ni kitabu juu ya kuundwa kwa vinavyoelea.

Tuliangalie jina lake, maana siri ya kitabu imo humo. Katika masimulizi ya Homer, mabaharia wa Odysseus walifika nchi ya watu walao lotosi, na kila aliyekula tunda hilo alisahau kwao, asitake kurudi. Kwa hiyo wageni wa visiwani huitwa kwa mzaha walaji wa lotosi. Lakini Clift ameongeza neno moja: nimenyee. Anayesema "nimenyee" ameketi. Mwingine amesimama na kisu. Kwa neno hilo moja mwandishi ameiuliza hadithi nzima ya Homer swali ambalo halikuwamo: walipokuwa wakila, ni nani aliyekuwa akimenya?

Jibu lake ni la namna mbili. Kwanza, wamenyaji ni wenyeji. Mgeni asomaye kitabu kivulini asubuhi nzima aweza kufanya hivyo kwa sababu mwanamke wa jirani amekubali kufua kwa drakma chache. Pili, mmenyaji ni mke. Katika kurasa zilizo bora kuliko zote, wasanii wa kigeni wameketi wakijadili uhuru, sanaa na maana ya maisha, na mwandishi, ambaye naye ni msanii, atoka na kuingia kuhudumia chakula na watoto. Maneno ya wanaume ni makubwa; sufuria nayo yachemka. Hapigi kelele, wala hahubiri. Aliweka mambo mawili hayo pamoja katika ukurasa mmoja akatuachia sisi tuyapime. Hapo ndipo penye sanaa. Waume kwa wake walikuja kisiwani kutafuta uhuru. Lakini twaona kwamba mizani ya nyumbani ilisafiri nao katika sanduku, ikatolewa, ikatundikwa ukutani kama ilivyokuwa London.

Majira ya joto yaletapo watalii, na kampuni ya filamu ijapo kupiga picha bandarini, hasira ya kitabu huongezeka. Filamu yenyewe, iitwayo Boy on a Dolphin, ilionyeshwa mwaka 1957, ikakitangaza kisiwa duniani. Mwandishi aona kwamba kisiwa kitakuwa duka la kuuza uzuri wake. Lakini, kwa uaminifu ule ule, aona kwamba wageni wa kwanza hawawezi kuwalaumu wageni wa pili. Waliokuja kutafuta mahali pasipojulikana, kisha wakaandika vitabu kupasifu, wamewaonyesha wengine njia. Mwaka 1960 Leonard Cohen wa Kanada alifika, naye akanunua nyumba, na jina la Hydra likazidi kwenda mbali.

Je, kitabu hiki hakina kasoro? Kinazo. Wageni wenziwe amewabadili majina, lakini amewachora kwa kalamu yenye ncha kali mno. Mara nyingine twahisi kwamba amewaweka wawe wapumbavu ili yeye na mumewe waonekane wenye akili. Tena, watu wa Hydra hawakupata nafasi waliyoipata watu wa Kalymnos. Kadiri mwandishi alivyojitazama zaidi, ndivyo alivyowatazama majirani kidogo. Hili ni hasara ya kweli. Ukitaka kuwajua Wagiriki, soma cha kwanza. Ukitaka kujua lile litokealo ndani ya nyumba ya watu waliokwenda kutafuta furaha ugenini, soma cha pili. Mimi nakiweka cha pili juu, kwa sababu kumwona jirani ni kugumu, lakini kujiona mwenyewe ndani ya furaha yako, na kuandika bei yake, ni kugumu zaidi.

Yaliyofuata yanathibitisha kwamba mashaka ya kitabu hayakuwa ya bure. Mwaka 1959 mume aligunduliwa kuwa na kifua kikuu. Kisiwani huko huko aliandika riwaya yake mashuhuri, My Brother Jack, juu ya Australia aliyoiacha. Na mke aliyatenga maandishi yake mara kwa mara ili ayasikilize ya mumewe na kuyajadili naye siku baada ya siku. Kitabu kilitoka mwaka 1964 kikapata tuzo ya Miles Franklin, na jina lililo juu ya jalada ni moja. Mwaka huo huo familia ilirudi Australia. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Clift aliandika makala za kila juma katika magazeti, akapendwa na wasomaji wengi, lakini riwaya ya maisha yake mwenyewe hakuimaliza. Alifariki mwaka 1969, hajafikisha miaka 46; mumewe akamfuata mwaka 1970. Sehemu ya riwaya ile ilichapishwa mwaka 2024 kwa jina la The End of the Morning. Ni kitabu chembamba, na wembamba wake wenyewe ni ushahidi. Aliyemenya tunda kwa ajili ya wengine hubaki na muda mchache wa kula.

Msomaji kijana aweza kuuliza: haya yatuhusu nini sisi, ambao visiwa vya Ugiriki hatujaviona? Yatuhusu kwa njia hii. Mtazusoma katika maisha yenu habari nyingi za watu waliokwenda ugenini, na pengine za wageni waliokuja kwetu wakaandika juu ya nchi yetu. Nanyi wenyewe wengine mtakwenda ng'ambo, mwandike barua na vitabu. Chukueni basi maswali matatu kutoka katika kazi hii. Je, mwandishi amewaona watu, au ameona mandhari yenye watu ndani yake? Je, ametuambia kila kitu kiligharimu kiasi gani, kwa fedha na kwa jasho? Na je, yeye mwenyewe amepanda katika mizani, au amesimama pembeni akiwapima wengine? Kitabu kinachojibu swali la kwanza tu ni kizuri, na Mermaid Singing ni cha namna hiyo. Peel Me a Lotus kinayumba katika la kwanza, lakini hujibu la pili na la tatu bila woga, na kwa ajili hiyo hakizeeki. Nguva huimba vizuri kwa kila apitaye. Lakini mtu ajuaye kwamba tunda halijimenyi lenyewe, akathubutu kulisema jambo hilo mezani huku kisu kimo mkononi mwake, huyo si mwimbaji tu; ni shahidi.